Tairi kipara na mvua ya kwanza

Huku Kigoma mvua ya kwanza hupokelewa kwa shangwe. Mkulima amekuwa akiitazamia wiki nyingi, na vumbi la kutoka Ujiji hadi Simbo linatulia. Lakini ndiyo siku ambayo mimi sipendi kupanda gari la mtu nisiyemjua. Sababu yangu ni matairi.

Wakati wa kiangazi tairi kipara hudanganya. Lami ikiwa kavu, mpira uliokwisha kashata unashika vizuri tu. Hata magari ya mashindano, penye lami kavu, hufungwa matairi laini yasiyo na mfereji hata mmoja. Basi dereva anamaliza miezi minne mitano bila kuteleza, anaamini matairi yake ni mazima.

Kashata zina kazi yake, nayo ni maji. Tairi likikanyaga lami iliyolowa, maji lazima yapate pa kupita. Yakikosa mifereji yanajikusanya mbele ya tairi, kisha yanalinyanyua. Hapo gari linaelea kama mtumbwi, usukani unakuwa mwepesi ghafla, na breki hazina la kufanya kwa sababu mpira haugusi barabara.

Tairi jipya la gari dogo lina kashata zenye kina cha milimita 8 hivi. Uingereza ilipandisha kiwango cha chini kutoka milimita 1 hadi 1.6 mwaka 1992. Watengenezaji nao huweka vinundu vya mpira ndani ya mifereji. Kashata zikilingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha, hakuna mjadala. Binafsi naona kungoja mpaka hapo ni kuchelewa. Majaribio ya Uingereza yalionyesha kuwa, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa kwenye lami yenye maji, tairi la milimita 1.6 huhitaji zaidi ya theluthi moja ya umbali wa ziada kusimama kuliko jipya. Wataalamu wengi wanashauri tubadilishe kwenye milimita 3.

Huna kipimo? Chukua njiti ya kiberiti, isimamishe ndani ya mfereji, weka ukucha usawa wa kashata, kisha ipime kwa rula ya mtoto wa shule. Pima katikati na kingo zote mbili, maana tairi haliishi sawasawa. Likiwa limelika katikati, upepo ulizidi. Likiwa limelika kingo zote mbili, upepo ulipungua, au madumu ya mawese yalizidi. Likiwa limelika upande mmoja tu, magurudumu hayakunyooka. Yanyooshwe kabla hujanunua jingine, la sivyo nalo litafuata njia hiyo hiyo.

Pale Simbo niliwahi kumwonyesha konda tairi la nyuma lililong'aa kama sahani. Akanijibu: "Mzee, ya mbele ni mapya, hilo linafuata tu." Abiria wakacheka, nami nikashuka. Wengi wanaamini kama konda yule, na wamekosea. Matairi ya mbele yakiteleza, dereva anahisi kwenye usukani na anaweza kupunguza mwendo. Ya nyuma yakiteleza, gari linageuka mkia mbele kabla hajajua. Ukiwa na fedha ya matairi mawili tu, mazuri yakae nyuma.

Wapo pia wanaochonga mifereji mipya kwa kisu cha moto juu ya tairi la gari dogo lililokwisha. Kwa macho linapendeza. Kinachokatwa ni ule mpira mwembamba uliobaki kufunika nyuzi, na likipata joto la shehena na mwendo, linapasuka.

Ukishapima manne, fungua na buti. Tairi la akiba mara nyingi ndilo lenye kipara kuliko yote.