Namba ya Siri na Kidole Mbele ya Sheria

Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2014, katika kesi ya Riley dhidi ya California, kwamba polisi hawaruhusiwi kwa kawaida kupekua simu ya mtu waliyemkamata bila hati ya upekuzi, yaani kibali kinachotolewa na hakimu baada ya kuonyeshwa sababu za msingi. Hati hiyo, hata hivyo, haifungui simu iliyofungwa, na hapo ndipo penye mvutano. Marekebisho ya Tano ya Katiba, yaliyoridhiwa mwaka 1791, yanamkinga mtu asilazimishwe kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Kutaja namba ya siri ni kutoa kilichomo akilini, ilhali kuweka kidole kwenye simu, kwa maoni ya baadhi ya mahakama, ni sawa na kuchukuliwa alama za vidole kituoni. Hoja hiyo ni dhaifu, maana kwa njia yoyote ile simu itafunguka. Hata kuhusu namba yenyewe majaji hawajaafikiana: Mahakama ya Juu ya Pennsylvania iliikinga mwaka 2019, lakini ile ya New Jersey, mwaka uliofuata, ikaruhusu mshtakiwa, ambaye, ajabu ya mambo, alikuwa askari, alazimishwe kuitoa. Watengenezaji nao wameweka kizuizi chao, kwani iPhone iliyozimwa na kuwashwa upya haikubali kidole wala uso mpaka namba iingizwe kwanza. Mipakani, ambako maafisa wa forodha hupekua simu za wasafiri bila hati, ulinzi uliowekwa na kesi ya Riley hupungua sana.