Philo na Mji Ulio Akilini

Leo sungura na fisi wapumzike, wajukuu zangu. Nina kisa cha mtu aliyeishi kweli, Myahudi aitwaye Philo, wa mji wa Alexandria kule Misri. Alizaliwa yapata miaka 20 kabla ya Kristo.

Mji huo aliuasisi Alexander Mkuu mwaka 331 kabla ya Kristo, na lugha ya watu wake ilikuwa Kigiriki. Wayahudi walikuwa wengi humo: kati ya mitaa mitano, miwili ilijulikana kuwa yao. Kiebrania kilikuwa kimewatoka wengi mdomoni, hata Torati waliisoma kwa Kigiriki, kwa kuwa ilitafsiriwa tangu karne ya 3 kabla ya Kristo. Kila mwaka walivuka hadi kisiwa cha Pharos kuisherehekea tafsiri hiyo. Walipiga hema ufukweni, wakala na kunywa, na watu wasio Wayahudi wakajumuika nao.

Philo alitoka ukoo wa kitajiri, akavisoma vitabu vya Wagiriki kwa kiu, hasa vya Plato. Plato alifundisha kwamba vitu tunavyoviona ni nakala tu, na kwamba vielelezo vyake halisi huonekana kwa akili, si kwa macho. Kijana aliyelelewa na Torati afanye nini na fundisho hilo? Philo alifungua kitabu cha Mwanzo, akakisoma upya kwa maswali ya Kigiriki.

Hebu sikilizeni alivyoeleza kuumbwa kwa ulimwengu. Mfalme anataka kujenga mji. Anakuja msanifu, anakagua hali ya hewa na ardhi ya mahali pale, kisha anaupanga mji mzima akilini: hekalu hapa, soko pale, bandari, kuta, njia na nyumba. Kila sehemu imejichapa ndani yake kama muhuri kwenye nta. Ukiutafuta mji huo duniani wakati huo, huupati popote. Baadaye ndipo anaposhika mawe na mbao, huku akiutazama ule wa akilini ili huu wa nje ufanane nao. Ndivyo, alisema Philo, Mungu alivyotangulia kuufikiri ulimwengu, kisha akaumba huu tunaoukanyaga. Fikra hiyo ya Mungu aliiita Logos, jina ambalo wanafalsafa wa Kigiriki walikuwa wakilitumia.

Na zile siku sita za uumbaji? Mungu hahitaji muda, alijibu. Sita ni namba ya mpangilio: jumlisheni 1, 2 na 3, kisha zizidisheni, kote mtapata 6. Naupenda ujasiri huu wa kuuliza maswali bila kukitupa kitabu.

Maana walikuwapo Wayahudi wenzake waliodai kwamba, ukishaielewa maana ya ndani ya Sabato, huna haja tena ya kuishika. Philo aliwapinga waziwazi. Maana ya ndani ni roho, alisema, na amri yenyewe ni mwili. Anayeijali roho hana budi kuutunza mwili inamokaa.

Imani yake ilikuja kujaribiwa. Mwaka 38 baada ya Kristo, Wayahudi wa Alexandria walishambuliwa, nyumba zao zikaporwa, masinagogi yakanajisiwa. Philo, sasa mzee, akaongoza ujumbe hadi Italia kwa Kaisari wa Roma, Caligula, aliyetaka kuabudiwa kama mungu. Kaisari hakukaa chini kuwasikiliza. Alipita chumba hadi chumba akiagiza marekebisho ya majengo, wajumbe wakimfuata nyuma. Ghafla akageuka, akawauliza kwa nini hawali nguruwe. Wapinzani wao kutoka Alexandria, waliokuwapo pia, wakaangua kicheko. Philo aliyaandika hayo yote, uchungu ukiwa bado mbichi. Caligula aliuawa mwaka 41 kabla hajawatendea haki.

Vitabu vya Philo vilitunzwa na Wakristo, walioendelea kuvinakili karne kwa karne, huku Wayahudi wengi wakiwa wamemsahau. Ni katika miaka ya 1570 tu ndipo Azariah de' Rossi, msomi Myahudi wa Italia, alipoandika habari zake kwa Kiebrania.