Je, Tumkabidhi Kijana wa Kiume Watoto Wetu?



Miezi michache iliyopita, baada ya darsa ya akina mama, mama mmoja mjane alibaki nyuma ili atuulize swali. Hufanya kazi ya zamu, na yaya wake alikuwa amerudi kwao bila ya kuaga. Ana watoto wawili wa kiume, mmoja wa miaka minne na mwengine wa miaka saba. Jirani yake alikuwa na kijana wa miaka 19, aliyemaliza kidato cha nne na kungoja nafasi ya chuo, naye alikuwa tayari kushinda na watoto hao kwa ujira. Mashoga zake walimkemea: "Mtoto wa kiume haachiwi watoto!" Akataka kusikia kauli yetu.

Tunakiri mbele ya wasomaji wetu kwamba tulijibu kwa haraka. Tulimwambia, "Tafuta msichana, mama, ndiyo salama." Hatukuuliza kijana huyo ni nani, wala msichana atakayepatikana atakuwa wa namna gani.

Msichana akapatikana. Haukupita mwezi, alitoka kwenda dukani akawafungia watoto ndani kwa kufuli, na jiko la mkaa likiwaka. Majirani walisikia vilio, wakavunja kufuli. Alhamdulillah, watoto walitoka salama, ila moshi ulikuwa umekwisha kujaa chumbani. Ndipo tulipojua kwamba yule msichana alikuwa na miaka 14, ameacha skuli ili amsaidie mamake. Alikuwa mtoto aliyeachiwa watoto. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hapa kwetu haimruhusu mtoto wa umri huo ila kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuilia masomo, na kulea watoto wawili kutwa nzima si kazi nyepesi. Sisi tuliuliza jinsia, tukasahau kuuliza umri.

Tangu siku hiyo tumewasikiliza wazazi wengi juu ya jambo hili, na tumeona kwamba wanaokataa vijana wa kiume wana hoja mbili zinazofaa kutenganishwa.

Hoja ya kwanza husema kulea ni kazi ya kike, na kwamba mwanamume anayembeba mtoto, kumlisha uji na kumbembeleza amejishusha. Hoja hii haina msingi katika dini yetu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alisali akiwa amembeba mjukuu wake Umama bint Zaynab. Akisujudu humweka chini, akiinuka humbeba tena. Al-Aqra bin Habis alipomwona akimbusu mjukuu wake Hasan, alisema kwamba yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamfahamisha kuwa asiye na huruma hahurumiwi. Na Qur'ani inatueleza kwamba Maryam, alipokuwa mdogo, alilelewa chini ya dhamana ya Nabii Zakariya. Basi ulezi si aibu kwa mwanamume. Aibu ni kijana kufikia umri wa kuoa asijue kumnyamazisha mtoto anayelia.

Tena tuangalie hali zetu. Ni nyumba ngapi za pwani hii ambazo mama amekwenda Ghuba kutafuta riziki, na kaka mkubwa ndiye apikaye, aogeshaye na apelekaye wadogo zake chuoni? Yule kijana tuliyemkataa alikuwa mmoja wao. Tulipokutana naye nje ya msikiti alitwambia kwa adabu, "Sheikh, mamangu alipoondoka niliachiwa wadogo zangu watatu, na hapana aliyeona tatizo. Leo nataka kulipwa, ndipo nimekuwa mtu wa kuogopwa?" Hatukuwa na jawabu la kumpa siku ile.

Hoja ya pili ni ya khofu: khofu ya mtoto kuingiliwa. Hii hatuidharau hata kidogo. Mama mwenye khofu hiyo asichekwe wala asiambiwe ana dhana mbaya, kwani kulinda amana ni wajibu. Lakini khofu ikielekezwa upande mmoja tu huacha mlango mwengine wazi. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mara nyingi anayemdhuru mtoto ni mtu anayejulikana na kuaminiwa: jamaa, jirani, mwalimu, hata mtu wa dini. Mwanamke naye anaweza kudhuru. Na mtoto wa kiume anaweza kudhuriwa kama wa kike, isipokuwa yeye husema kwa shida zaidi kwa sababu tumemfunza kwamba mwanamume halii.

Basi kipimo ni kipi? Tunakipata katika Sura Al-Qasas, aya ya 26. Nabii Musa, akiwa kijana mgeni asiye na makao, alipofika Madyan, binti wa yule mzee alimshauri babake amwajiri, kwa sababu mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na uaminifu. Tazama kwamba binti huyo alikuwa amekwisha kumwona kijana akiwanywesheza mifugo wao na kuuona mwenendo wake. Na mzee hakumwacha aingie bila ya mapatano. Alitaja muda na ujira waziwazi. Tunafunzwa mambo matatu: awe anaiweza kazi, awe mwaminifu kwa ushahidi wa mwenendo wake, na masharti yawe bayana.

Kwa kipimo hicho, tunawanasihi wazazi haya.

Kwanza ni umri. Anas bin Malik aliletwa na mamake kumtumikia Mtume akiwa na umri wa miaka kumi hivi. Siku moja alitumwa, akapitiwa na mchezo wa watoto wenzake njiani, na Mtume akamwendea akicheka. Hakumkaripia, kwa kuwa mtoto ni mtoto. Wa umri huo hutumwa chini ya jicho la mkubwa, wala haachiwi nyumba.

Pili ni mipaka. Kijana aliyebaleghe si maharimu wa mama mwenye nyumba, wala wa msichana wa kazi, wala wa mabinti waliokua. Asikae faragha na yeyote kati yao, na kupokezana watoto kuwe mlangoni au mbele ya watu. Watoto wa kike waachiwe mwanamke. Kumwogesha na kumtawaza mtoto kufanywe na mzazi kabla ya kutoka au jamaa wa karibu. Na mtoto aliyefikia umri wa kujifanyia, afunzwe kujifanyia.

Tatu ni uwazi. Mlango wa sebule uwe wazi, jirani au shangazi apite bila ya kupanga saa, na simu ya mlezi isiwe mchezo wa watoto. Masharti haya awekewe kila mlezi, wa kike na wa kiume, ili asijione anatuhumiwa.

Nne ni mtoto mwenyewe. Sura An-Nur, aya ya 58, inawafunza hata watoto wadogo kubisha hodi katika nyakati tatu za faragha. Tuwafunze pia kwamba mwili wao una sitara yake, na kwamba siri baina yao na mtu mzima haifai kufichwa kwa mama. Mtoto akisema, asikilizwe kabla ya kukanywa.

Na likitokea ovu, Mungu apishe mbali, lisizikwe kwa mkeka wa wazee na fidia. Kumsitiri mdhalimu si sitara, ni kumpa mtoto wa pili. Apelekwe hospitali kwanza, iripotiwe polisi, na simu ya msaada wa watoto nchini, 116, hupigwa bila ya malipo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 ipo kwa ajili hiyo.

Mwisho, mlezi alipwe haki yake kwa wakati. Mtume ametuhimiza tumpe mwajiriwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Yule mama alirudi kwetu, nasi tulimtaka radhi. Alikaa na kakake na shangazi wa yule kijana, wakaandikiana masharti. Sasa kijana huwapokea watoto skuli saa nane, huwalisha barazani kwa shangazi, huwapeleka chuoni, na huwarudisha magharibi. Yule msichana wa miaka 14 amerudi darasani kwa msaada wa akina mama wa darsa yetu, na hilo limetufurahisha zaidi.

Ewe Mola wetu, tuhifadhie watoto wetu, na utujaalie kuwa wachunga wema wa amana Yako. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.