Pinky Cole

Pinky Cole (jina lake la kuzaliwa ni Aisha Cole, alizaliwa mwaka 1987 mjini Baltimore, jimbo la Maryland) ni mfanyabiashara na mwandishi wa Marekani. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa Slutty Vegan, kampuni ya migahawa inayouza baga zilizotengenezwa kwa mimea tupu, aliyoianzisha mjini Atlanta, jimbo la Georgia, mwaka 2018. Kabla ya hapo alikuwa mtayarishaji wa vipindi vya televisheni.

Habari zake hutajwa mara nyingi katika masomo ya biashara kwa sababu mbili. Kwanza, aliweza kuuza chakula kisicho na nyama kwa watu ambao kwa kawaida hula nyama, akitumia zaidi mbinu za masoko kuliko matangazo ya kulipia. Pili, kampuni yake ilikua upesi, ikaingia katika madeni, ikamtoka mikononi mwaka 2025, kisha akainunua tena.

Maana ya chakula cha mimea tupu

Mla mboga wa kawaida hali nyama wala samaki, lakini aweza kula mayai na kunywa maziwa. Vegani amekwenda mbali zaidi: haepuki nyama peke yake, bali kila kitokanacho na mnyama, yaani mayai, maziwa, siagi, jibini na hata asali. Wengine hufanya hivyo kwa ajili ya afya, wengine kwa kuwahurumia wanyama, wengine kwa kulinda mazingira, na wengine kwa imani ya dini.

Katika jamii ya Wamarekani Weusi jambo hili si geni. Warastafari, ambao imani yao ilianzia Jamaika, wana desturi ya chakula kiitwacho ital, ambacho kwa wengi wao hakina nyama. Mchekeshaji na mpigania haki za raia Dick Gregory aliacha nyama katika miaka ya 1960, na mwaka 1973 alitoa kitabu kuhusu ulaji wa vyakula vya asili. Mjini Atlanta, mtaa wa West End ulikuwa na mgahawa wa Soul Vegetarian, ulioendeshwa na wafuasi wa kundi la African Hebrew Israelites of Jerusalem, miaka mingi kabla Cole hajaanza biashara yake.

Hata hivyo, watu wengi waliendelea kukiona chakula cha namna hii kuwa cha wagonjwa, cha wacha Mungu au cha matajiri wanaojali umbo. Fikra hiyo ndiyo Cole aliyoamua kuigeuza.

Maisha ya awali

Wazazi wa Cole walitoka Jamaika. Mama yake alikuwa Mrastafari, na Cole alikulia katika nyumba isiyopika nyama. Alisoma Clark Atlanta University, mojawapo ya vyuo vikuu vya kihistoria vya Wamarekani Weusi, kilichopatikana mwaka 1988 kwa kuunganisha Atlanta University na Clark College. Alihitimu mwaka 2009.

Baadaye alifanya kazi katika televisheni. Alikuwa mmoja wa watayarishaji wa kipindi cha mazungumzo cha Maury, na pia alishiriki katika Iyanla: Fix My Life kwa kutafuta watu wa kuhojiwa. Vipindi vya aina hiyo hutegemea mambo mawili: kisa kinachomfanya mtazamaji asibadilishe stesheni, na maneno machache ya kumvutia kabla kipindi hakijaanza. Ujuzi huo alikuja kuutumia katika biashara ya chakula.

Mgahawa wa kwanza

Mwaka 2014 Cole alifungua mgahawa wa vyakula vya Kijamaika na Kimarekani katika mtaa wa Harlem, New York. Mgahawa huo uliuza pia nyama, ingawa mwenyewe hakuwa mlaji wa nyama. Mwaka 2016 moto uliotokana na mafuta ya kupikia uliuharibu. Cole ameeleza kwamba hakuwa na bima, na kwamba baada ya hasara hiyo alipoteza gari na makazi yake pia. Alirudi katika kazi ya televisheni ili kujikimu.

Kuanzishwa kwa Slutty Vegan

Katikati ya mwaka 2018 Cole alianza kupika baga za mimea katika jiko la kukodi mjini Atlanta. Hakuwa na ukumbi wa kukalia wateja. Maagizo yalipokelewa kwa programu za simu na chakula kikapelekwa nyumbani kwa mteja. Picha zilisambazwa katika mtandao wa Instagram, na baada ya muda mfupi maagizo yakazidi uwezo wa jiko hilo. Mwaka huohuo alinunua gari la kuuzia chakula, akawa anatangaza mtandaoni mahali litakaposimama siku hiyo.

Mnamo Januari 2019 alifungua mgahawa wa kwanza wa kudumu katika mtaa wa Westview, kusini-magharibi mwa Atlanta, kwenye barabara iliyopewa jina la mchungaji Ralph David Abernathy, mpigania haki aliyekuwa mwenzake Martin Luther King. Mtaa huo ni wa Wamarekani Weusi kwa wingi. Mahali penyewe palikuwa padogo, na wateja walijipanga nje kwa saa kadhaa.

Wakati ulimsaidia. Baga za Impossible na Beyond, zilizoundwa zifanane na nyama kwa ladha na sura, zilikuwa zimeingia sokoni tangu mwaka 2016. Slutty Vegan ilipoanza ilitumia nyama ya mimea ya Impossible, ambayo hupata rangi na ladha ya damu kutokana na protini ya soya inayozalishwa kwa hamira. Kwa hiyo Cole hakuhitaji kuvumbua nyama mpya. Kazi yake ilikuwa kuwafanya watu watake kuijaribu.

Mbinu za masoko

Jina. Neno la kwanza katika jina la kampuni ni tusi la Kiingereza analoitwa mwanamke anayedhaniwa kuwa mwasherati. Cole alilichagua kwa makusudi. Alieleza kwamba tamaa ya mwili na chakula ni vitu vinavyompendeza kila mtu, na kwamba alitaka mtu asikie jina, acheke au ashtuke, kisha aulize ni kitu gani. Jina lilifanya kazi ya tangazo bila kulipiwa, kwa kuwa hata aliyelichukia alilitaja. Lilikuwa na gharama yake pia. Wapo waliolilaumu kwa kulifanya tusi la wanawake kuwa mzaha, na si kila mzazi aliyependa kulisoma mbele ya watoto wake.

Orodha ya vyakula. Kila baga ilipewa jina la utani wa kimapenzi. Ile iitwayo One Night Stand, kwa mfano, ina nyama ya mimea, bekoni isiyo ya nguruwe, jibini isiyo ya maziwa, vitunguu vya kukaangwa, saladi, nyanya na mchuzi maalumu wa mgahawa. Mteja aliyeagiza alilazimika kulitamka jina hilo kwa sauti, na mara nyingi wenzake kwenye foleni walicheka.

Makaribisho. Wafanyakazi walimpokea kila mgeni kwa kelele, muziki na salamu ya utani iliyotokana na jina la mgahawa. Anayefika mara ya kwanza alitangazwa mbele ya watu. Tukio hilo lilirekodiwa kwa simu na kusambazwa, na hivyo mteja mwenyewe akawa mtangazaji.

Foleni. Kwa wafanyabiashara wengi foleni ndefu ni kero inayofukuza wateja. Kwa Cole ilikuwa sehemu ya burudani: mpita njia alipoiona aliamini kwamba ndani kuna jambo. Wasanii mashuhuri walipofika na kupigwa picha, habari zilienea zaidi.

Kutohubiri. Matangazo ya Slutty Vegan hayakumkemea mlaji wa nyama wala kumhesabia kalori. Chakula kilikuwa baga na chipsi, vitu ambavyo Mmarekani wa kawaida anavijua na kuvipenda. Cole amesema mara nyingi kwamba wateja wake wengi ni walaji wa nyama. Huu ndio msingi wa mbinu yake: soko la mavegani ni dogo, lakini soko la watu wanaotaka kitu kipya cha kula Ijumaa jioni ni kubwa. Wakosoaji wamesema kwamba baga ya mimea yenye mafuta na chumvi nyingi bado si chakula cha afya. Cole kwa upande wake hakuinadi kama dawa.

Ushirikiano. Jina lilipokwisha kujulikana, kampuni nyingine zilitaka kulitumia. Mwaka 2022 Slutty Vegan ilishirikiana na Shake Shack kutoa baga ya muda, na pia ilishirikiana na kampuni ya viatu ya Steve Madden.

Huduma kwa jamii

Mwaka 2019 Cole alianzisha taasisi ya hisani yenye jina lake. Mwaka huohuo aliwalipia wanafunzi 30 wa Clark Atlanta University ada walizokuwa wakidaiwa ili waweze kuhitimu. Mnamo Juni 2020 Rayshard Brooks, Mmarekani Mweusi, aliuawa kwa risasi na polisi mjini Atlanta. Cole na chuo hicho waliahidi kuwasomesha watoto wake. Mwaka 2022, akihutubia wahitimu wa chuo hicho, alitangaza kwamba kila mhitimu angegharimiwa usajili wa kampuni yake mwenyewe.

Misaada hii iliongeza sifa ya kampuni, na ni vigumu kuitenga kabisa na masoko. Wanaofundisha biashara huiita njia ya kujenga uaminifu: mteja hununua baga huku akijua kwamba sehemu ya pesa inarudi mtaani kwake.

Upanuzi

Mwaka 2022 kampuni ilipata mtaji wa dola milioni 25 kutoka kwa wawekezaji, wakiongozwa na mfuko unaohusiana na Danny Meyer, mwanzilishi wa Shake Shack, na mfuko wa New Voices wa Richelieu Dennis, mfanyabiashara mzaliwa wa Liberia. Thamani ya kampuni ilikadiriwa kuwa dola milioni 100.

Inafaa kueleza maana ya tarakimu hiyo. Dola milioni 100 hazikuwa pesa zilizomo benki. Ni makadirio ya wawekezaji juu ya bei ya kampuni nzima ikiwa itakua kama inavyotarajiwa. Mwenye hisa za kampuni kama hiyo anaweza kuitwa tajiri magazetini huku akihangaika kulipa mishahara ya mwisho wa mwezi.

Migahawa mipya ilifunguliwa nje ya Georgia, ikiwemo Birmingham jimboni Alabama, Brooklyn na Harlem mjini New York, na Dallas jimboni Texas.

Matatizo ya mwaka 2025

Upanuzi huo ulikutana na wakati mgumu. Bei za vyakula na mishahara zilikuwa zimepanda baada ya janga la UVIKO-19, na hamu ya Wamarekani kwa nyama ya mimea ilianza kupungua. Mauzo ya kampuni ya Beyond Meat yanaonyesha hali hiyo: yalikuwa takriban dola milioni 464 mwaka 2021, yakashuka hadi takriban milioni 343 mwaka 2023.

Slutty Vegan ilifunga baadhi ya migahawa. Mwanzoni mwa 2025 kampuni ilikabidhiwa kwa msimamizi kwa manufaa ya wadai. Utaratibu huu ni tofauti na kufilisika kupitia mahakama ya shirikisho: mali yote hupewa msimamizi, naye huiuza na kuwagawia wanaodai. Cole alieleza hadharani kwamba madeni yalikuwa yamefikia takriban dola milioni 20, na kwamba gharama za uendeshaji zilikuwa kubwa mno. Baada ya wiki kadhaa aliinunua tena kampuni kupitia kampuni nyingine aliyoiunda, akaendelea na migahawa michache.

Maisha binafsi na vitabu

Mnamo Juni 2023 Cole alifunga ndoa na Derrick Hayes, mwanzilishi wa migahawa ya Big Dave's Cheesesteaks ya Atlanta, ambayo huuza mikate ya nyama. Ameandika kitabu cha mapishi ya mimea (2022) na kingine, I Hope You Fail (2023), kinachohusu kujifunza kutokana na kushindwa. Kitabu hicho cha pili kilitoka kabla ya kampuni kumtoka mikononi.

Umuhimu

Cole alionyesha kwamba chakula cha mimea kinaweza kuuzwa kama starehe, katika mtaa wa kawaida, kwa watu wasiokusudia kuacha nyama. Historia ya kampuni yake inaonyesha pia mpaka wa masoko. Jina na foleni humleta mteja mlangoni. Kodi ya pango, mishahara, bei ya malighafi na riba ya mikopo hulipwa kwa faida inayobaki baada ya kila baga kuuzwa, na mgahawa unaojaa watu katika mtaa mmoja haujathibitisha kwamba mingine kumi katika miji ya mbali itajaa vilevile. Baada ya kuinunua tena kampuni, Cole alianza upya akiwa na jina linalojulikana nchi nzima na idadi ndogo ya majiko.