Magitaa ya Ukambani na Waliotutoka

Wasomaji wetu wa Pwani waliotimiza umri wa makamo hawahitaji kusimuliwa gitaa la Ukambani. Miaka ya 1980, basi la Nairobi likitua Mtito Andei, nyimbo za Kikamba zilimpokea abiria kabla ya chai. Nchi ile, iliyopata kuwa wilaya ya Makueni mwaka 1992, zamani ilihesabiwa Machakos. Na Kitui ni jirani yake wa mashariki.

Katika waliovuma sana ni Kakai Kilonzo na bendi yake ya Kilimambogo Brothers. Gitaa lilikwenda mbio likijibizana na sauti, na kwa kuwa aliimba Kiswahili pamoja na Kikamba, alipendwa hata na wasiojua neno la Kikamba. Alifariki 1987, angali kijana. Kalambya Sisters nao walituachia “Katelina”. Ajabu ni kuwa Katelina, msichana wa wimboni, anakumbukwa kuliko mabinti waliomwimba.

Hapo ndipo penye uchungu. Siti binti Saad alifariki 1950, lakini Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Hata asiyepata kuisikia sauti yake humjua. Santuri huchakaa, wazee huondoka, na wimbo usioandikiwa habari zake huwa yatima.

Basi, vijana wa Kitui na Makueni wenye kalamu, waulizeni wazee wenu mapema: nani alitunga, nani alipiga, nani aliitikia? Sifa ya marehemu ni amana mikononi mwa aliye hai.