Lidice: Yasemwayo na Yaliyotokea

Kilomita zipatazo 20 kaskazini-magharibi mwa Prague, karibu na mji wa Kladno, kuna bonde dogo lenye kijito. Hapo ndipo kilipokuwa kijiji cha Lidice, chenye watu wapatao 500, hadi Wanazi walipokiangamiza Juni 1942. Habari zake zimesimuliwa sana, na katika kusimuliwa zimeongezwa chumvi. Mengine hayadhuru. Mengine huwatwika marehemu hatia wasiyokuwa nayo, na hayo hayafai kunyamaziwa.

“Wanakijiji waliwaficha waliomuua Heydrich.”

Si kweli, na huu ndio uongo mbaya kuliko wote. Reinhard Heydrich, mtawala wa Kinazi wa Bohemia na Moravia, alishambuliwa jijini Prague tarehe 27 Mei 1942, akafa tarehe 4 Juni. Waliomshambulia, Jozef Gabčík na Jan Kubiš, walikuwa askari wa miavuli waliotumwa kutoka Uingereza. Walijificha Prague, na humo humo, baada ya kuzingirwa kanisani, walifia tarehe 18 Juni, siku nane baada ya Lidice kuangamizwa. Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walikuwa na nini mkononi, basi? Barua ya kijana mmoja kwa mpenzi wake, yenye maneno ya mafumbo, na habari kwamba vijana wawili wa Lidice, wa familia za Horák na Stříbrný, walikuwa wamejiunga na majeshi huko Uingereza. Kijiji kilipekuliwa, na hakuna kilichopatikana cha kukihusisha na shambulio lile. Hata hivyo kikachaguliwa kulipiziwa kisasi. Anayesema waliwaficha wauaji anawapa Wanazi sababu ambayo wao wenyewe hawakuwa nayo.

“Kilikuwa kijiji cha wakulima tu.”

Si kweli. Wanaume wengi walifanya kazi katika migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma vya Kladno. Ndiyo maana wachimbaji wa makaa wa Stoke-on-Trent, Uingereza, waliguswa mno. Septemba 1942, wakiongozwa na daktari Barnett Stross, walianza kuchanga fedha ili Lidice ijengwe upya.

“Waliuawa wote.”

Si kweli, ingawa ukweli wenyewe ni mzito. Tarehe 10 Juni wanaume 173 walipigwa risasi kwenye shamba la akina Horák. Padri wao mzee, Josef Štemberka, alikuwa miongoni mwao. Wanawake walipelekwa kambi ya mateso ya Ravensbrück, na 143 walirudi baada ya vita. Watoto walitenganishwa na mama zao. Wachache walionekana wanafaa kulelewa kama Wajerumani. 82 waliuawa kwa gesi ya sumu huko Chełmno, Poland. Waliopatikana baada ya vita ni 17, baadhi yao wakiwa wamesahau Kicheki, hata wasiweze kuzungumza na mama zao. Mama mzazi atenganishwe na mwanawe miaka mitatu, kisha wasielewane kwa lugha!

“Wanazi walijaribu kulificha tendo hilo.”

Kinyume chake. Walilitangaza redioni na kulipiga filamu, kwa kuwa shabaha yao ilikuwa kuwatia Wacheki hofu. Nyumba zilichomwa na kulipuliwa, kanisa la Mtakatifu Martin likabomolewa, makaburi yakafukuliwa, hata kijito kikageuzwa mkondo. Walitaka jina lifutike kwenye ramani. Mwezi uliofuata tu, mtaa mmoja wa jimbo la Illinois, Marekani, ulipewa jina la Lidice. Filamu ile ilikuja kuwa ushahidi dhidi ya Wanazi mahakamani huko Nuremberg.

“Ni kijiji hicho tu kilichoangamizwa.”

Si kweli. Tarehe 24 Juni 1942 zamu ilikuwa ya Ležáky, kitongoji kidogo mashariki mwa Bohemia. Huko kweli mtambo wa redio wa askari wa miavuli ulikuwa umefichwa. Ležáky hakikujengwa tena.

“Lidice ya leo imesimama pale pale pa zamani.”

Si kweli. Ujenzi wa kijiji kipya ulianza mwaka 1948, mita mia kadhaa kutoka kile cha zamani, na wajane waliotoka Ravensbrück walihamia humo. Bonde la zamani liliachwa wazi, likiwa na misingi ya majengo na kaburi la pamoja la wanaume. Huko pia ziko sanamu za shaba za watoto 82. Mchongaji Marie Uchytilová alizianza mwaka 1969, akafariki 1989 kabla ya kuzikamilisha. Mumewe aliendeleza kazi hiyo, na ya mwisho ikawekwa mwaka 2000.