Je, Wajua? Mukau Hustawi Penye Ukame

Je, wajua kwamba mbao zinazoshindana na mkangazi hutoka kwenye ukame wa Kitui na Kibwezi? Mti huo ni mukau, wa asili ya Afrika Mashariki. Mchwa hawaziwezi mbao zake, na kwa matunzo mazuri huvunwa baada ya miaka 10 hadi 15. Kiangazi, majani yake ni chakula cha mbuzi.

Ugumu uko kwenye mbegu. Kuifukia tu haitoshi. Kokwa hupasuliwa kwanza, na nyundo ikizidi nguvu, mbegu imekwenda. Kisha hukatwa ncha, huloweshwa, na ganda lake jembamba huchanwa kwa wembe kabla ya kusiwa mchangani. Asiye na subira anunue miche kwenye kitalu cha kuaminika.

Ukipanda, usibananishe: mukau hauvumilii kivuli. Punguza matawi ya chini mapema ili gogo linyooke, na katikati ya mistari panda kunde au pojo miaka ya mwanzo.

Mkaratusi nao hukua haraka, lakini hunywa maji mengi mno kwa shamba kavu. Na si kila mti unaohimili jua unafaa. Mathenge, ulioletwa Baringo kuzuia jangwa, ulivamia malisho, na maganda yake matamu yakalaumiwa kwa kuozesha meno ya mbuzi. Miaka ya 2000 wafugaji walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe ushahidi.